Theluthi ya Uhai wa Nyani wa Moto

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikizungumzia bajeti, katiba na mwenendo wa vyuo vyetu. Leo nitazungumzia nyani. Si nyani wa mbugani, bali nyani wa kubuni mwenye moto kichwani, anayeishi ndani ya mchezo wa video, ambaye majuzi alinikosesha usingizi kwa sababu nitakayoieleza ingawa hainipendezi.

Ilikuwa Jumamosi usiku, nami nikisahihisha insha za mwaka wa pili. Mwanangu, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa mkekani karibu na miguu yangu, akichezea Nintendo DS iliyochakaa aliyorithi kwa mjomba wake. Nikatupa jicho. Katika kioo kidogo mnyama wake alikuwa akipigwa pigo baada ya pigo, na mstari wa uhai ulikuwa umetoka kwenye kijani ukaingia kwenye njano. Nikamwuliza mbona hampi dawa, kwa maana niliona mkoba wake umejaa dawa. Akajibu bila kuinua macho: "Bado, baba. Nasubiri abakiwe na theluthi. Akibakiwa na theluthi ndipo moto wake unapokolea."

Nikarudi kwenye insha zangu. Sikusoma hata mstari mmoja.

Mnyama huyo huitwa Infernape. Ni mmoja wa viumbe wa Pokémon, mfululizo wa michezo ulioanzia Japani mwaka 1996 kwa ubunifu wa Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni alipenda kukusanya wadudu, na utu uzimani akaifanya burudani hiyo kuwa mchezo wa kukamata viumbe, kuwafuga na kuwapambanisha. Infernape aliingia mwaka 2006, katika matoleo ya Diamond na Pearl. Mchezaji haanzi naye akiwa mkubwa. Mwanzoni mwa safari huchagua mmoja kati ya watoto watatu: kobe wa majani, pengwini wa maji, au Chimchar, mtoto wa sokwe mwenye mwali wa moto mahali ambapo mkia ungekaa. Akifika ngazi ya 14 hugeuka kuwa Monferno na kuanza kutumia ngumi. Akifika ngazi ya 36 huwa Infernape, na moto uliokuwa makalioni humwakia kichwani kama taji. (Mwanangu humwita nyani wa moto, nami namfuata, ingawa lugha yenye nyani, kima, tumbili, ngedere, mbega na sokwe haina udhuru wa kuwachanganya.)

Ni mpiganaji wa ajabu, kwa kuwa hutumia mikono na miguu yote minne, na wachache humshinda wepesi. Lakini ni dhaifu kuliko aonekanavyo. Katika vipimo vya msingi vya mchezo, kasi yake ni 108 na nguvu ya kushambulia ni 104, ilhali kinga yake ni 71 tu. Pigo lake mashuhuri la kupigana ana kwa ana humshusha kinga yake mwenyewe kila alitumiapo. Pigo jingine, la kujirusha mzimamzima huku akiwaka, humrudishia mwilini theluthi ya madhara aliyomtia adui. Ushindi wake huulipia kwa mwili wake. Juu ya hayo amepewa kipawa ambacho ndicho mwanangu alichokuwa akikingojea: uhai wake ukishuka hadi theluthi au chini ya hapo, mapigo yake ya moto huongezeka nguvu kwa asilimia 50.

Nisiudhulumu mchezo. Katika dunia ile mnyama hafi, huzirai tu, na kituo cha tiba humpokea bure bila kuulizwa kadi ya bima. Mwanangu hakuwa na ukatili wowote. Alikuwa amesoma kanuni na kuitumia.

Lakini waandishi wa filamu za katuni za Pokémon, zilizoonyeshwa Japani kati ya mwaka 2006 na 2010, waliiona kanuni hiyo kwa jicho jingine. Humo yumo kijana mkufunzi aitwaye Paul. Siku moja alimwona Chimchar wa porini akizingirwa na kundi la maadui, na kwa hofu ya kufa Chimchar akalipuka moto ambao Paul hakuwahi kuuona kwa mnyama mdogo kiasi kile. Paul akamtwaa, na tangu hapo akawa anautafuta ule moto. Akamfanyisha mazoezi hadi akaanguka. Akawaamuru wanyama wake wengine wamshambulie Chimchar kwa pamoja, akiamini kwamba akibanwa vya kutosha moto utarudi. Haukurudi. Katika mashindano Chimchar alikutanishwa na mnyama wa jamii ya wale waliomzingira porini, akaganda kwa hofu. Paul akamwacha papo hapo, kwa maneno machache, kama mtu anayerudisha dukani kitu kibovu. Mkufunzi mwingine, Ash, ndiye aliyemwambia Chimchar aje wafuatane.

Kabla sijaeleza kwa nini kisa hiki kilinichoma, nimtaje babu wa nyani huyu, maana watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu watamfurahia. Mtu yeyote anayezijua simulizi za Asia Mashariki atamtambua Infernape: nyani mpiganaji, mwenye mapambo ya rangi ya dhahabu mwilini na taji la moto, ni kivuli cha Sun Wukong, mfalme wa nyani katika riwaya ya Kichina ya Safari ya Magharibi, iliyochapishwa mwaka 1592 na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kazi ya Wu Cheng'en.

Sun Wukong alikuwa na nguvu zilizoitisha serikali ya Mbinguni, nayo ikaamua kumnyamazisha kwa cheo. Akaitwa, akavishwa mavazi rasmi, akateuliwa kuwa mtunza farasi wa Mfalme. Alifanya kazi kwa bidii, na farasi wakanenepa. Baada ya nusu mwezi, wakiwa wanakula na kunywa na wenzake wa ofisini, akauliza cheo chake ni cha daraja gani. Wakamwambia hakina daraja. Si kwamba kiko juu mno, la; kiko chini kiasi kwamba muundo wa utumishi haukihesabu. Akapindua meza, akarudi kwao mlimani. Mbingu zikatuma jeshi, jeshi likashindwa, basi zikampa alichokitaka: jina la Mwenye Hekima Mkuu, Aliye Sawa na Mbingu. Jina lilikuwa refu. Mshahara haukuwepo. Nawajua watu wawili watatu wenye barua za uteuzi za namna hiyo, na nadhani nanyi mnawajua.

Wukong hakuwa malaika. Alikuwa mwizi na mwenye majivuno, na hatimaye alidai kiti cha enzi chenyewe. Walipomkamata wakamtia katika tanuri la Laozi kwa siku 49 ili ayeyuke. Akatoka mzima, macho yakiwa ya moto. Ndipo wakamfungia chini ya mlima miaka 500, na alipotolewa ili amlinde mtawa aendaye kuchukua vitabu vitakatifu India, alivishwa utepe wa dhahabu kichwani ambao mtawa akisoma maneno fulani hubana hadi fuvu likaribie kupasuka. Mbingu zilimhitaji muda wote ule, na kwa kila njia zilizojaribu, cheo, tanuri, mlima na utepe, sikumbuki mahali ambapo mkuu mmojawapo aliketi naye akamwuliza anaumwa wapi.

Sasa niyaseme yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, nilimfundisha binti mmoja aliyetoka mbali, mtoto wa wakulima. Katika mwaka wake wa pili fedha za kujikimu, zile wanafunzi wanazoziita bumu, zilichelewa takriban muhula mzima. Akawa anakula mara moja kwa siku na kulala kwa kubebwa, kitanda kimoja na mwenzake. Muhula huohuo aliniletea andiko kuhusu ardhi ya vijiji ambalo sijapata kusoma mfano wake kutoka kwa mwanafunzi. Nililisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Kisha nikafikia hitimisho ambalo leo naona aibu kuliandika: kwamba shida ndiyo inayomnoa.

Nilimwingiza katika kikundi changu cha utafiti. Palikuwa na posho ndogo ya wasaidizi, nami ndiye niliyekuwa nikiidhinisha. Yeye nilimchelewesha kwa makusudi, nikijiambia kwamba akishiba atalegea. Nilimfupishia muda wa kazi. Kila Ijumaa nilimsimamisha mbele ya wenzake na kuwaagiza wamhoji wote kwa pamoja, bila kumpa nafasi ya kupumua. Jambo hilo nililiita kumkomaza. Nilikuwa na maneno mengi mazuri kwa ajili ya jambo hilo.

Ikafika siku ya kuwasilisha mbele ya wageni. Alisimama, akafungua kinywa, na neno halikutoka. Ukumbi ukanyamaza. Nikainuka nikawaomba radhi wageni kwa niaba yake, nikawasilisha mwenyewe. Wiki iliyofuata nilimwondoa katika kikundi kwa barua ya mistari miwili yenye mhuri wa idara. Sikumwita wala sikumwuliza kitu. Ni mwenzake wa chumba aliyeniambia, miezi mingi baadaye, kwamba siku ile alikuwa na homa, na kwamba aliamka kitandani akaja kwa sababu alinihofia mimi kuliko alivyoihofia homa.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Chimchar hubeba moto mahali hapohapo, na katika mchezo wanaeleza kwamba huuzima kabla ya kulala ili asiunguze vitu. Yule mtoto wa sokwe alikuwa na tahadhari kunizidi mimi mwenye shahada tatu.

Binti yule alichukuliwa na mhadhiri mwingine, mama mmoja ambaye baadhi yetu tulimdharau kwa ulaini wake. Nasikia jambo la kwanza alilolifanya ni kuzungumza na wenye mgahawa ili binti awe anakula, hesabu iletwe kwake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waandishi wa katuni. Kwao, Chimchar anakua, anajifunza kuutawala ule moto ambao mwanzoni ulimponyoka na kuwatisha hata rafiki zake, anakuwa Infernape, na katika mashindano makuu anakutana na Paul na kumwangusha mnyama wake hodari kuliko wote. Paul anakiri. Mwanangu aliponionyesha kipande hicho alikuwa na machozi, nami sikuwa mbali. Lakini hadithi inamlazimisha aliyeonewa ashinde ndipo tuamini kwamba alionewa. Je, kama Infernape angepigwa siku ile? Paul angekuwa amesema kweli tangu mwanzo?

Mwanafunzi wangu hakuwa profesa wala waziri. Hakupata daraja la kwanza. Anafundisha Historia katika shule ya sekondari ya mkoa mmoja wa mbali. Kwa muda mrefu, niwe mkweli, jambo hilo lilinifariji. Nilijiambia kwamba pengine niliona sawasawa, kwamba hakuwa na moto wa kutosha. Sasa nafahamu kwamba faraja ile ilikuwa sehemu ya kosa lenyewe. Hata kama asingeandika tena mstari mmoja wa maana maishani mwake, alistahili posho yake na siku ya kuugua.

Nalisikia hitimisho langu la zamani kila mahali siku hizi. Nalisikia kwa mkuu anayewaambia vijana wanaojitolea ofisini mwake, mwaka wa pili bila hata nauli, kwamba ugumu huu utawajenga. Nalisikia kwa wanaharakati wenzetu, na hili wasilipende, wanaomsukuma kijana mwenye ulimi mkali mstari wa mbele kwa sababu akiwa na hasira huzungumza vizuri, na akishakamatwa wanabadilisha namba za simu. Wote wanautaka moto. Tena hawakosei kuhusu moto, kama ambavyo Paul hakukosea: ulikuwepo kweli, na kweli hukolea uhai unapopungua. Mwanangu angewaambia theluthi mbili zile zilikwenda wapi.

Nilimwandikia yule mwalimu. Ilinichukua majuma mawili kupata ukurasa mmoja, nikafuta kila sentensi iliyoanza na neno "lakini". Nilimweleza habari za nyani pia, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kufika nilikotaka kufika.

Alijibu siku ya nne. "Shikamoo, Mwalimu. Barua nimeipata na nimeisoma. Kwa sasa nina mitihani ya kidato cha nne mbele yangu na sina nafasi ya kuijibu inavyostahili. Huyo Infernape wanafunzi wangu wanamfahamu, wamemchora nyuma ya daftari. Homa ile ilikuwa malaria. Nitaandika mitihani ikiisha."

Mitihani ingali inaendelea.