Alikwenda Mwenye Mali

Sisi vijana wa Mashewa tulitazama kwanza filamu ya mwaka 1950, kisha tukasoma kitabu chenyewe: Mashimo ya Mfalme Sulemani cha H. Rider Haggard, kilichotoka mwaka 1885 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson. Katika filamu, mwanamke anamtafuta mumewe. Kitabuni, Sir Henry Curtis anamtafuta mdogo wake, George. Baba yao alifariki bila wosia, mali yote ikawa ya mkubwa. Wakati huo walikuwa wamegombana, na mdogo akaenda Afrika kujitafutia utajiri.

Hapo tulinyamaza. Hata kwetu wapo ndugu wasiosalimiana tangu matanga ya baba, kwa ajili ya mpaka wa shamba, na Jumapili wote wamo kanisani.

Katika Luka 15, kaka mkubwa alikasirika, akakataa kuingia ndani. Henry yeye alivuka jangwa. Almasi walizipata, lakini faida yake kubwa ilikuwa kumkuta George hai, mguu umepondwa na jiwe.

Tunaulizana nani aanze kwenda kwa mwenzake. Kitabuni alikwenda aliyepata urithi. Shamba kwa shamba si jangwa; twende.