Nilivyoifufua Sun ya baba kule Myanga

Nimekuwa kimya kwa wiki sita hivi. Kwa wale mliouliza nimepotelea wapi, nilikuwa nikipigana na kompyuta ambayo haipo. Naam, haipo. Soma utaelewa.

Marehemu baba alikuwa na SPARCstation 5, kompyuta ya kampuni ya Sun ya Marekani. Aina hii ilitoka mwaka 1994 na haikuwa ya nyumbani hata kidogo. Ziliitwa weksteshoni, mashine za wahandisi, wachora ramani na vyuo vikuu, zenye prosesa yake (SPARC, wala si Intel) na mfumo wake (Solaris, mmoja wa jamii ya Unix). Baba aliinunua Nairobi kwenye mnada mwaka 2002, ofisi moja ilipokuwa ikiondoa vitu vyake vya zamani, akaipakia kwenye basi la usiku mpaka Bungoma, kisha nyumbani Myanga. Majirani walikuja kuitazama televisheni ya mwalimu. Wakaona madirisha ya kijivu tu, wakarudi shambani.

Kwenye mashine hiyo baba aliandika daftari la ukoo. Babu alisimulia, yeye akapiga chapa. Kwetu Wabukusu mwanamume hutajwa pamoja na rika lake la tohara, na marika ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yakiisha yanaanza upya, kwa hiyo jina moja hurudi baada ya karne hivi. Ukijua rika la mtu unaweza kukisia aliishi lini, hata kama hakuna aliyeandika mwaka. Babu alifariki 2004. Nakala ya karatasi ililiwa na mchwa. Na mwaka 2009 radi ikapiga (anayekaa Bungoma anajua radi zetu), mashine ikanuka moshi na kunyamaza. Tangu hapo ni meza ya redio ya Mama.

Aprili 2024 Mama akanipigia simu. "Mwanangu, Agosti watoto watatu wa nyumba hii wanaingia tohara. Nani atawaambia wametoka kwa nani? Ile kazi ya baba yako si imo ndani ya hilo sanduku?"

Nikaenda. Nilifungua sanduku, nikatoa diski, na kurudi nayo Nairobi kwa rafiki mwenye kompyuta kuukuu iliyo na kadi ya SCSI. Diski yenyewe ina gigabaiti 1.05, leo ni ndogo kuliko filamu moja kwenye simu yako. Tuliinakili yote kwa ddrescue. Sekta kumi na moja zilikataa kabisa, nyingine zikakubali baada ya kubembelezwa usiku kucha. Linux inasoma mafaili ya Sun vizuri ukiiambia ni UFS ya aina ya Sun, nami nikaliona faili la baba siku hiyo hiyo. Lakini lilikuwa limeandikwa na programu ya kibiashara ya enzi hizo, na ndani yake ni alama za ajabu tupu. Nilipata majina mawili matatu yakielea katikati ya takataka. Ili kulisoma nilihitaji programu ile, programu ilihitaji Solaris, na Solaris ilihitaji Sun. Sun nayo ilikuwa imekufa.

Hapo ndipo emuleta inapoingia. Emuleta ni programu inayojifanya kuwa mashine nyingine. Niliyotumia ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Ni ya bure, na inajua kuigiza SPARCstation 5 pamoja na memori yake isiyozidi megabaiti 256. Kwa maneno rahisi, laptopu yangu ya mitumba ingemdanganya Solaris kwamba bado yuko mwaka 1997.

Solaris hakudanganyika upesi. QEMU huja na programu ya kuwashia mashine iitwayo OpenBIOS, na baadhi ya matoleo ya Solaris hayapatani nayo. Langu lilikuwa mojawapo, likaganda. Rafiki yangu akanakili ROM ya mashine ya baba yenyewe, nikaielekeza QEMU huko. Afadhali. Sasa ikawaka nusu, kisha ikalalamika kwamba haioni diski na kuniomba nywila ya msimamizi nitengeneze kwa mikono. Niliharibu jioni mbili hapo, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiweka diski kwenye namba 0 ya SCSI kama mtu wa PC, ilhali Sun huiweka diski yake ya kwanza kwenye namba 3, na Solaris alikuwa ameandika namba hiyo katika orodha yake ya diski. Nikabadilisha 0 kuwa 3. Ikapita! Kisha `boot -r` ili aitambue kadi ya skrini ya kuigiza, na yale madirisha ya kijivu yakatokea. Nywila ilikuwa kwenye karatasi chini ya kibodi, kwa mwandiko wa baba. Nilikaa kidogo kabla ya kuichapa.

Nikafungua programu. Ikasema haina leseni ya mashine hii.

Jamani! Leseni nyingi za wakati ule zilifungwa kwenye namba ya utambulisho wa mashine, hostid. Katika Sun namba hiyo hukaa ndani ya chipu yenye saa na betri yake humo humo, betri ikiisha namba imepotea. Kwa hiyo hata fundi angeifufua ile ya Myanga, ingekuwa imejisahau. Kwenye emuleta niliandika `hostid` ikajibu 80123456. Nilicheka peke yangu saa nane usiku. Ni nani ana namba kama hiyo? Halafu nikakumbuka nimewahi kuziona tarakimu hizo mahali: anwani ya kadi ya mtandao ambayo QEMU huitoa usipochagua yako huishia 12:34:56. Kumbe QEMU huchukua baiti tatu za mwisho za anwani hiyo, huweka 80 mbele, na hiyo ndiyo hostid ya SPARCstation 5!

Na namba halali? Ilikuwa ndani ya faili la leseni lenyewe, maandishi ya kawaida. Nikaipa kadi ya mtandao anwani inayoanza na 08:00:20, ambazo ni tarakimu za Sun, nikamalizia na sita za mwisho za hostid ya baba. Kama unaniuliza kuhusu haki, leseni ni ya mashine ile na mashine ni yetu, imebeba redio sebuleni.

Programu ikafunguka. Kurasa thelathini na moja. Nilizichapisha kwenda faili la PostScript badala ya printa, nikazima emuleta, nikalitoa faili kwa njia ile ile ya Linux na kuligeuza PDF. Ukurasa wa 22 una shimo la mistari minne, huenda ni zile sekta zilizokataa. Hilo halirudi.

Mama alizisoma juu ya ile meza ya redio, miwani puani, kimya. Alipofika ukurasa wa tisa akaomba kalamu. "Hapa baba yako alikosea. Huyu hakuwa Kananachi, alikuwa Kikwameti. Babu yako alisema hivyo nikiwa namimina chai, na baba yako alikuwa akihangaika na hiyo panya." Akakata, akaandika juu yake. Kisha akafungua ukurasa wa 22, akaanza kuijaza ile mistari minne.