Munkoyo ya Katuba: mzizi si lutuku

Katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Mitwaba anauza munkoyo mbele ya lupango anamopanga chumba. Asubuhi wateja wake ni watoto wa shule na wenye kupiga matofali. Jioni wanakuja wengine, na hao wanamuuliza kila siku: kwa nini asitie lutuku kidogo ndani ya bidoni, ili munkoyo ipate nguvu haraka? Mpaka sasa amekataa. Kukataa huko kunamkosesha feza, maana muuzaji mwingine wa barabara ileile anatia, na bidoni zake zinakwisha mbele ya giza kuingia.

Waliokulia kijijini wanajua namna munkoyo inavyotengenezwa, lakini vijana wengi wa mji wanajua kikombe tu. Bunga ya mahindi inapikwa uji kwa saa nyingi, kisha uji unaachwa upoe mpaka uwe vuguvugu. Ndipo mizizi ya munkoyo, iliyopondwa mpaka ikawa kama nyuzi, inatiwa ndani. Uji uliokuwa mzito unalegea, unakuwa mwepesi, na unaanza kuwa mtamu bila sukari ya dukani. Si dawa ya mganga. Ndani ya mizizi ile mna enzimu zinazokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Ukiitia uji ungali moto sana, nguvu hiyo inakufa na uji unabaki uji. Kisha uchachu unafanya kazi yake wenyewe. Siku ya kwanza ni kinywaji cha mtoto. Siku ya tatu kimechacha, kina pombe kidogo, na wazee ndio wanakitafuta.

Wateja wa jioni wana hoja yao: hata wazungu wanatia pombe kali katika bia. Ni kweli. Kule Ulaya na Marekani wenye kupika bia nyumbani wanachukua vipande vya mti wa mwaloni, wanaviloweka katika whisky, kisha wanavitia katika bia ili ipate harufu. Wengine wanatumia mapipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, kwa hiyo mapipa yaliyokwisha kutumika yanauzwa, na mengine yanafika kwa wapika bia. Lakini kule mti unaleta harufu na ladha tu. Bila huo bia ni bia. Munkoyo bila mzizi wake haiko. Tena chupa ya whisky imeandikwa asilimia zake. Lutuku inayotoka kwenye pipa na bomba la nyuma ya nyumba, nani anaipima? Ya leo inaweza kuwa kali kupita ya jana, na mtoto aliyetumwa na franka zake hawezi kujua ni bidoni gani imetiwa.

Mama huyu alikuwa anachimba mizizi mwenyewe porini. Watu wengi wa Mitwaba, Pweto na Manono waliacha mashamba yao katika miaka ya 2012 na 2013, wakati wa Bakata Katanga, na eneo lile likaitwa pembetatu ya kifo. Sasa ananunua mizizi sokoni kwa fungu, na anasema fungu limekuwa dogo. Pori la karibu na mji limekatwa sana juu ya makala. Kila fungu jipya analijaribu kwanza katika kikombe kimoja cha uji, asije akapoteza sufuria nzima.

Siku hizi anaweka bidoni mbili mezani. Ya siku ya kwanza imefungwa kitambaa cheupe, ya siku ya tatu kitambaa chekundu, na watoto wameambiwa cha kwao ni cheupe. Anayetaka lutuku anaonyeshwa barabara. Wengine wao wanarudi asubuhi, kichwa kinawauma, wanaomba ya kitambaa cheupe.