Kahawa ya Babu



Nilikulia Pasua, Moshi. Katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne niliandika kwamba KNCU ilianzishwa mwaka 1933. Mwaka ulikuwa sahihi, lakini swali liliuliza kwa nini. Nikapata sifuri.

Baadaye, nikiwa chuoni, tulizoea kukutana Union Café, mgahawa ulio katika jengo la zamani la KNCU mjini Moshi. Fedha zilikuwa haba, hivyo kikombe kimoja cha kahawa kilitosha mjadala wa saa mbili. Jioni moja mwenzangu aliuliza swali lilelile. Nikamkumbuka babu, aliyeuza kahawa yake kupitia chama cha msingi. Mkulima mwenye magunia machache hana sauti sokoni. Wengi wakiungana, wana nguvu ya kujadili bei. Ndiyo maana wakulima Waafrika waliunda KNPA mwaka 1925, na baadaye KNCU. Jibu nililolikosa ndilo lililonilipia ada.

Kariri mwaka, lakini usiuache peke yake. Jiulize: nani alihitaji jambo hili, na kwa nini? Kama babu au bibi yako yupo, anza kwa kumuuliza yeye.