Mikono Itulie

Uchungu ulinishika nikichambua maharage. Ilikuwa saa tatu usiku, Mei 2003, na kandili tulikuwa tumeipunguza hadi utambi ukabaki punje ya moto, kwa sababu mwanga dirishani siku zile ulikuwa unaita watu wasiotakiwa. Nilishika ukingo wa meza, nikapumua, nikahesabu hadi ulipopita. Nikamwambia bwana yangu, “Kumeanza.” Akaniuliza, kama mtu asiyejua kazi ya mke wake, “Uko na hakika?”

Mimi ni akusheze. Ndivyo tunavyoitwa Bunia, mashariki ya Kongo. Wenzetu wa Tanzania wanasema mkunga. Usiku ule nilikuwa nimekwisha kuzalisha wanawake kwa miaka kumi. Watoto wangu wawili wa kwanza niliwazalia materniti, juu ya kitanda cha chuma, miguu imeinuliwa, kama kanuni ilivyotaka. Huyu wa tatu hakuwa na materniti. Wanajeshi wa Uganda walikuwa wameondoka mjini tarehe 6, na wanamgambo wa pande mbili wakaanza kuugombania mji kama fupa. Maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia kuzunguka kambi ya MONUC, jeshi la Umoja wa Mataifa, na uwanja wa ndege, wakilala chini ya maturubai. Sisi tulibaki kartiye Lumumba kwa sababu moja tu: sikuweza kupiga hatua mia bila kusimama.

Kabila langu sitaliandika hapa. Wasomaji wa Ituri watalitafuta, nawajua, maana hata mimi nikisoma habari za kwetu hulitafuta la mwandishi kwanza. Ninachoweza kusema ni kwamba Mama Mzee aliyekaa nyuma ya uzio wetu alikuwa wa upande mwingine.

Tena tulikuwa na lingine kati yetu. Mama Mzee alikuwa mkunga wa kienyeji, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wanawake wasiende kwake. Mwaka 1998 nilimwita kituoni pamoja na wenzake, nikawaketisha kwenye benchi na kuwasomea sheria: msikate kitovu kwa kisu cha jikoni, msipake mavi ya ng’ombe wala majivu, msimsukumize mama kabla njia haijafunguka. Nilisema kwa sauti ya mwalimu. Nilikuwa na miaka 30 na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Yeye alinitazama muda wote bila kufungua mdomo.

Bwana yangu alipitia kwenye tundu la uzio akimnong’oneza aje. Alikuja. Alikuwa na kikwembe safi begani, uzi, kipande cha sabuni, na kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi yake. Akakiweka juu ya meza mbele ya macho yangu, karibu na maharage.

“Wembe mupya,” akasema. “Wewe ulisema.”

Hakuongeza neno. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaketi kwenye kiti kifupi karibu na mlango, akaiweka mikono yake mapajani. Ikabaki hapo.

Mtu ambaye hajafanya kazi yetu hawezi kuelewa jinsi mikono ile iliyotulia ilivyonikasirisha. Materniti kila baada ya saa chache tunampima mama, tunaandika sentimita kwenye partogramu, tunasikiliza moyo wa mtoto, tunasema “songa huku, lala hivi.” Ilipofika saa sita nilimwambia, “Mama, nipime.” Akasema, “Nipime nini? Mutoto si gunia ya muchele.” Nikataka nijipime mwenyewe. Nilipoanza kuinama akanishika kiganja. “Mikono itulie,” akasema. “Tembea.”

Nikatembea. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua sita, na naweza kuzihesabu hadi leo. Uchungu ukija namwangukia bwana yangu shingoni, naning’inia kwa uzito wangu wote, naye anasimama kama nguzo. Mama Mzee alikuwa akisikiliza. Baadaye nilikuja kujua alichokuwa akisikiliza: sauti yangu. Mwanamke ambaye njia yake inafunguka hubadilisha mlio. Mwanzo analalamika mdomoni, kisha mlio unashuka kifuani, kisha unakuwa mzito kama wa mtu anayeinua jiwe. Mimi nilikuwa nimewasikia mamia wakibadilisha mlio hivyo, na sikuwahi kuusikia kwa maana hiyo, kwa sababu nilikuwa nikitazama karatasi.

Upande wa uwanja wa ndege milio ya risasi ilikuja, ikakoma, ikaja tena. Mahali fulani baada ya saa nane niliacha kuisikia. Chupa ilipasuka nikiwa nimesimama, maji yakanimwagikia miguuni, safi, hayana rangi ya kijani. Hilo nililiangalia, uakusheze haukunitoka kabisa. Nikapiga magoti, nikashika mbao ya kitanda. Mwili ukaanza kusukuma wenyewe, bila ruhusa yangu.

“Usimusaidie sana,” Mama Mzee akasema nyuma yangu. “Puliza. Kama unapuliza uji ya moto.”

Nikapuliza. Nikapeleka mkono chini nikagusa kichwa: laini, chenye unyevu, ngozi imejikunja kama ya tunda lililokauka. Nilikuwa nimegusa vichwa vingi hivyo kwa glavu. Hiki nilikigusa kwa vidole vyangu vitupu, na ni changu. Kikatoka polepole, kitovu kimezunguka shingo mara moja, Mama Mzee akakilegeza kwa kidole kimoja. Mabega yakafuata. Saa kumi alfajiri kijana wangu alikuwa juu ya kikwembe, naye akalia.

Kilio cha mtoto kinachongojwa materniti kwa furaha, kwetu usiku ule kilikuwa hatari. Bwana yangu alisimama akiutazama mlango. Mama Mzee akampandisha mtoto kifuani kwangu, akampa titi, na nyumba ikanyamaza. Hakukata kitovu. Nilimwambia akate, akaniwekea vidole vyangu juu yake, nikakisikia kinavyodunda. “Angali anakula,” akasema. Kilipoacha kudunda ndipo alipofunga uzi mara mbili na kuufungua ule wembe wangu.

Enzi zile tulikuwa tukifundishwa kukata mara moja. Leo Shirika la Afya Duniani linaagiza tungoje walau dakika moja hadi tatu, ili damu ya kondo impate mtoto. Mwaka 2018 shirika hilohilo lilitoa mapendekezo 56 juu ya uzazi wa kawaida, na humo mna kwamba mama achague mwenyewe jinsi ya kukaa, awe na mtu amtakaye pembeni, wala asiharakishwe eti kwa kuwa njia haifunguki sentimita moja kila saa. Nilipewa nakala yake kwenye semina. Niliisoma usiku mmoja, nikacheka peke yangu.

Lakini wanaonisikia nikisimulia hupenda hadithi iishie hapo, na mimi sikubali iishie hapo.

Nilisomea uuguzi katika hospitali ya Nyankunde, kilomita kama 45 kutoka Bunia, miaka ile ndege ndogo za wamisionari zilipokuwa zikileta wagonjwa kutoka mbali. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali hiyo ilishambuliwa. Human Rights Watch ilikadiria kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa pale katika siku zilizofuata, na waliobaki, wagonjwa pamoja na wauguzi, walitembea kwa miguu hadi Oicha. Kwa hiyo mwaka 2003 nilipozalia chumbani kwangu, sikuwa nimechagua uzazi wa asili. Mahali pa kwenda palikuwa pamechomwa au pamezungukwa. Uzazi wangu ulikwenda vizuri kwa sababu mtoto alikaa vizuri, nyonga yangu ilikwisha kupitisha wawili, na kondo la nyuma lilitoka zima baada ya dakika ishirini. Nililigeuza mwenyewe kwenye sahani, nikakagua kila kipande kabla ya kulizika chini ya mgomba. Kama kipande kingebaki ndani, Mama Mzee asingekuwa na la kufanya, na mimi nisingekuwa naandika.

Miezi iliyofuata Wafaransa na wenzao wa Ulaya walikuja na operesheni Artemis, mji ukatulia kidogo, Madaktari Wasio na Mipaka wakawa wanatibu watu katika jengo la Bon Marché, na mimi nikarudi kazini katika kituo kidogo ambacho sitakitaja. Nilirudi na tabia mbaya. Nilitandika mkeka sakafuni kando ya kitanda cha chuma, nikawa nawauliza wazazi, “Unataka wapi?” Wengi walichagua mkeka. Mkubwa wangu alipoona akasema nimerudisha kituo kijijini. Mkeka ukaondolewa. Nikauleta tena. Tukaendelea hivyo miaka miwili, hadi alipohamishwa.

Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, kazi yetu iliingiwa na hofu nyingine. Mwanamke mwenye mimba akitokwa damu au mimba ikiharibika, dalili zake zinafanana na za ugonjwa ule. Anaweza kutengwa angojee majibu ya maabara, uchungu nao haungojei maabara. Wanawake wa mtaa wangu walijificha. Walizalia nyumbani kimya kimya, na sisi tulikuja kuwaona na watoto wa wiki tatu mgongoni.

Sasa nieleze usiku mmoja wa mwaka 2021, miezi michache baada ya serikali kutangaza utawala wa kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Saa nane usiku mtu aligonga dirisha. Dada mmoja wa Yambi alikuwa amezaa nyumbani mtoto wa nne, mtoto mzima, kondo limetoka, wanawake wameshaanza kupika uji. Nilipoingia niliona kikwembe cha pili kimelowa na cha tatu kinaanza. Nikagusa tumbo. Baada ya kuzaa, mfuko wa uzazi unatakiwa ukaze, uwe mgumu kama embe bichi chini ya kitovu. Wake ulikuwa laini kama bugali lililozidi maji. Mfuko usipokaza, mishipa mahali kondo lilipokuwa inabaki wazi, na damu inatoka kama bomba lililosahauliwa.

Dawa yetu ya kwanza ni sindano ya oksitosini, lakini hiyo hukaa kwenye frigo, digrii 2 hadi 8, na mkoba wangu si frigo. Nilikuwa na vidonge vya misoprostoli, ambavyo havidai baridi. Nikamwekea vinne chini ya ulimi, nikamsugua tumbo, nikamweka mtoto titini. Mfuko ukakaza, ukalegea, ukakaza, ukalegea. Motari, dereva wa pikipiki, wa kwanza alikataa kutoka kwa sababu ya bariyeri ya askari njiani. Wa pili alikubali. Tulipanda watatu: motari mbele, dada katikati, mimi nyuma, mkono wa kushoto umemkumbatia asianguke, ngumi ya kulia inamkandamiza juu ya kitovu kwa nguvu zangu zote, kuuzuia mshipa mkubwa. Njia nzima sikuiondoa ngumi ile. Kwenye bariyeri askari alimulika tochi, akaona damu miguuni kwetu, akatupisha bila kuuliza karatasi. Hospitalini dada alipewa serumu, oksitosini na pochi mbili za damu. Kulipokucha aliniomba chai.

Alipona. Kisha akazuiliwa hapohapo siku 11, kwa kuwa bili haikulipwa. Alilala na mwanawe kwenye korido pamoja na mama wengine waliopona kama yeye. Jina la mahali hapo naliacha, kwa kuwa si peke yao. Atakayeuliza mtaani ataonyeshwa pengine pa namna hiyo. Bwana yake aliuza baiskeli na mbuzi.

Miaka miwili baadaye alibeba mimba nyingine. Nilimtafuta mapema, nikamwambia mwanamke aliyetokwa damu vile mara moja anaweza kutokwa tena, asizae nyumbani hata kwa dawa. Akakubali kwa kichwa. Nilimwona tena na mtoto wa wiki tatu. Alikuwa amezalia chumbani kwake, bila kuniita, akiogopa nitampeleka kule kwenye korido. Nilimgombeza sana. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akimtikisa mtoto, kisha akaniuliza, “Na wewe mama, wa kwako ulimuzalia wapi?”

Sikumjibu. Najua tofauti ya usiku wangu na wake, ningeweza kuieleza darasani kwa saa nzima. Lakini kwake tofauti ilikuwa moja, mbuzi na baiskeli, na juu ya hiyo mimi sikuwa na dawa mkobani.

Mama Mzee alifariki. Hadi mwisho alikuwa akituma wazazi kwangu, kila mara akiwaambia waniagize jambo lilelile: mikono itulie. Mimi nami niliwafundisha akusheze vijana wakae kwenye kiti kifupi wasikilize mlio, lakini wasikae kamwe pasipo glavu, saa na vidonge mfukoni.

Kama unasoma haya ukiwa Bunia, na mimba yako imeingia mwezi wa nane, fanya mambo mawili leo. Tafuta motari anayelala karibu nawe, uandike namba yake ukutani ambako kila mtu wa nyumba anaweza kuiona. Na waambie watakaokuwa nawe kwamba kikwembe cha pili kikilowa, wasipike uji, wampigie.