Naacha Kuandikia Mtandao, Naenda Kuandika Kitabu

Wasee, nimeacha. Mwezi uliopita nilimalizia mteja wangu wa mwisho makala ya maneno 1,200 kuhusu magodoro, akalipa, nikamwambia asinitumie ingine. Kabla mtu aseme nimeomoka ama nimerukwa na akili, wacha nieleze. Najua wengi wa rika langu wako kwa hii kazi, na wengi pia wana hadithi imelala kwa kompyuta ikingojea siku watapata muda.

Siongelei haya maoni ninayowaandikia ninyi. Haya ni yangu, na hayanilipi renti. Naongea kuhusu ile kazi ya orda. Mtu Marekani ama Uingereza ana tovuti ya kuuza kitu, anataka makala ndiyo Google imwonyeshe kwa watu. Yeye hakujui. Anampa kazi mtu mwenye akaunti, mwenye akaunti anakata yake, wewe unapata kinachobaki. Mimi nilikuwa napata shilingi 300 kwa maneno 500. Siku nzuri naandika makala manne. Nimeandika kuhusu chakula cha mbwa, mafundi wa mabomba wa Ohio, bima ya gari katika majimbo ambayo sijawahi kuona hata kwa sinema. Nimeshauri watu wa mbali vile watasafisha mabwawa yao ya kuogelea, na keja yangu maji yanakuja Jumanne na Ijumaa.

Siwezi kuitukana hiyo kazi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo na renti zilikataa kukaa pamoja, ni hiyo ilinishika mkono. Ndogo wangu amefika kidato cha tatu kwa magodoro na chakula cha mbwa. Inafundisha kitu pia: kukaa chini na kuandika hata kama huna hamu, kumaliza kwa wakati, kueleza jambo bila kuzunguka. Mtu akikwambia hiyo si kazi, mwulize yeye ameandika maneno 2,000 leo?

Lakini kuna maswali matatu yalianza kunisumbua.

La kwanza: hizi maneno ni za nani? Nilienda kusoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001. Inasema kazi ukiagizwa na mtu, hakimiliki inahamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mkataba wenu useme vingine. Mkataba gani? Sisi tulikuwa tunaagizana kwa WhatsApp. Kwa hivyo miaka minne ya maandishi yangu, makala yanayopita elfu moja, hakuna hata sentensi moja naweza kusema ni yangu. Jina langu haliko popote. Juzi nilitafuta makala ya kwanza kabisa niliyolipwa. Tovuti yenyewe haipo. Ilifungwa, ikaenda na kila kitu.

La pili: nani anasoma? Hii ndiyo iliniuma zaidi. Makala ya orda haiandikwi isomwe, inaandikwa ipatikane. Unapewa maneno fulani uyarudie mara kadhaa, unaweka vichwa vidogo, unafupisha aya ili mtu apitishe macho tu. Unaandika ukijua kabisa msomaji yuko njiani kutoka. Kila sentensi ni kumshika shati: ngoja, usiende, kuna kitu kingine hapa chini.

La tatu mnalijua. Mwisho wa Novemba 2022, ChatGPT ikatoka. Haikuua kazi siku moja. Iliila pole pole. Kwanza orda zikapungua, halafu mwenye akaunti akaniambia nisiandike tena, nirekebishe tu ile iliyoandikwa na mashine ndiyo ionekane imeandikwa na mtu. Malipo nusu. Manze, hapo nilikaa nikafikiria. Kama kazi yangu sasa ni kuipa mashine harufu ya binadamu, basi hiyo harufu ina thamani. Mbona niiuze bei ya kutupa?

Ndiyo nikafungua ile faili. Riwaya ya Kiswahili kuhusu msichana anayeuza maji kwa mitungi, ploti kwa ploti, na vile anajua siri za kila nyumba kwa kuangalia wananunua mitungi mingapi. Nilikuwa nimeiandika kwa vipande, usiku, baada ya orda. Nikaimaliza kwa miezi mitano.

Sasa, sitaki mtu afikirie nimetoka kwa shida nikaingia kwa pesa. Wacha tupige hesabu pamoja. Mwandishi wa kitabu analipwa mrabaha, na kwa kawaida huwa karibu na asilimia 10. Kitabu kikiuzwa shilingi 800, yako ni 80. Na kama mkataba unasema mrabaha unahesabiwa kwa pesa inayobaki baada ya duka kuchukua fungu lake, hata hiyo 80 huioni. Tuseme zimeuzwa nakala 500 kwa mwaka, na hiyo kwa riwaya ya mtu asiyejulikana si mchezo. Ni shilingi 40,000. Kwa mwaka! Mimi hiyo nilikuwa naipata kwa magodoro kwa mwezi mmoja na nusu. Na bei ya kitabu nayo ina mzigo wake: sheria ya VAT ya 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 kwa vitabu, kwa hivyo msomaji wako analipa kodi kabla afungue ukurasa wa kwanza.

Kuna ukweli mwingine. Uchapishaji wa Kenya unaishi kwa vitabu vya shule. Mchapishaji akisikia riwaya, swali lake la kwanza ni kama inaweza kuingia darasani, kwa sababu huko ndiko nakala zinaenda kwa maelfu. Angalia Siku Njema ya Ken Walibora. Ilitoka 1996, ikawa kitabu cha fasihi shuleni, na mpaka leo ukitaja Kongowea Mswahili mbele ya watu wa umri fulani wanatabasamu. Hiyo ndiyo ndoto ya kila mchapishaji. Riwaya ya watu wazima kuhusu ploti, renti na siri za majirani haina darasa la kukaa. Inabidi itafute msomaji mmoja mmoja.

Lakini hao wasomaji wako, na si leo wameanza. Miaka ya 1970 David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, akaandika vitabu vifupi kuhusu maisha ya mji: pombe, mapenzi, mshahara unaoisha tarehe tano. Wasomi walimkunjia uso, Tanzania ikapiga marufuku vitabu vyake 1976, na watu wa Nairobi wakavinunua kama mandazi. Kwa hivyo mtu akiniambia Wakenya hawasomi, namwambia apite pale mjini kwa vitabu vya inama. Mtu ametoka kazini amechoka, matatu zinamngojea, na bado anainama barabarani kuchagua kitabu cha mia moja. Hakuna mtu amewahi kuinama kwa ajili ya makala yangu ya magodoro.

Mtaniuliza, si ujichapishie basi kama Maillu? Ni swali zuri na siwacheki wanaofanya hivyo. ISBN unaipata kutoka Maktaba ya Kitaifa, mtu wa kupiga chapa yuko, na kuna maduka kama Nuria pale Nairobi ambayo yanauza vitabu vya waliojichapishia. Pesa kwa kila nakala ni nyingi kuliko mrabaha. Lakini mimi natafuta kitu ambacho siwezi kujipa mwenyewe. Natafuta mtu wa kuniambia hapana.

Kwa miaka minne hakuna mtu aliniambia hapana. Wateja walikuwa wanasema "fupisha", "ongeza maneno mia", "weka jina la bidhaa juu". Hakuna siku mtu alisema hii aya ni ya uongo, ama huyu mtu hawezi kuongea hivi. Kwa sababu hakuna aliyekuwa anasoma.

Basi nilituma mswada kwa mchapishaji mmoja: barua, muhtasari wa ukurasa mmoja, sura tatu za kwanza. Baada ya wiki kadhaa wakaitisha zote. Nikangoja. Kwa mtandao ukituma kazi saa nne usiku, asubuhi pesa iko kwa M-Pesa. Huku miezi minne ilipita bila hata "tumepokea". Mathe alinitazama nikikataa orda, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kitabu italipa renti ya mwezi gani?" Sikuwa na jibu, na sijapata mpaka leo. Asubuhi nafanya kazi kwa duka la fotokopi, napata nusu ya kile nilikuwa napata. Ndogo wangu tumeongea na shule yake, analipa kwa awamu. Hiyo ndiyo bei ya huu uamuzi, na si mimi peke yangu nailipa. Nimeisema ndiyo mtu asidhani "fuata ndoto yako" ni bure.

Mwezi wa tano jibu likaja. Hapana.

Lakini hapana yenyewe ilikuwa kurasa mbili! Wachapishaji wa kweli huwa wanampa mswada msomaji wa nje aandike ripoti, na huyu wangu, simjui jina, alikuwa amesoma kila kitu. Alijua msichana wa maji ana kovu gani na lilitokea sura ya ngapi. Alitaja mazungumzo mawili ambayo yalimchekesha. Alisema mzee wa ghorofa ya tatu anapotea katikati ya hadithi bila maelezo. Halafu akaandika jambo moja ambalo nimelibandika ukutani: kwamba kila sura yangu inaisha kama mwandishi anaogopa msomaji ataondoka, na kwamba msomaji wa riwaya ameshalipa, ameshakaa, apewe nafasi ya kupumua.

Nilisoma hiyo sentensi nikanyamaza kama dakika kumi. Kile magodoro yalinifundisha, mtu amekiona ndani ya riwaya bila kujua nilikuwa nafanya kazi gani. Mtandao unafundisha mkono wako kumshika shati msomaji, na mkono hauachi hata ukibadilisha kazi. Sasa naandika upya nikijifunza kitu kimoja tu: kumwamini mtu ambaye ameketi.

Hapo ndipo nilijua siendi kwa kitabu kwa sababu ya heshima, ama jalada, ama jina kwa dirisha la duka. Naenda kwa sababu huko ndiko, kwa mara ya kwanza tangu nianze kulipwa kwa maneno, mtu alinisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Na hata akikataa, maneno yamebaki yangu. Kwa mkataba mzuri wa kitabu unampa mchapishaji ruhusa ya kuchapa na kuuza, hakimiliki inabaki kwako. Sheria ile ile ya 2001 inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Nikifika miaka 80, wajukuu wa ndogo wangu bado watakuwa na kitu. Magodoro hayawezi kuwapa hivyo.

Kama na wewe unafikiria kuruka, chukua haya machache kutoka kwangu. Usiruke bila kibarua kingine, hata kidogo. Mchapishaji halisi hakuombi pesa ndiyo achape kitabu chako. Anayekuomba pesa anakuuzia huduma, na hiyo ni sawa mradi ajiite hivyo na wewe ujue unanunua nini. Soma mkataba mpaka mwisho, hasa pale panaposema mrabaha unahesabiwa kwa bei gani na haki zinarudi lini kitabu kikiisha sokoni. Na kama unaandika Kiswahili, usidhani umejifungia nje. Tuzo ya Safal-Cornell, ile iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Hiyo ni milango ambayo hakuna mwenye akaunti amesimama katikati akikata yake.

Mimi niko sura ya tisa ya uandishi mpya. Mzee wa ghorofa ya tatu nimempata, alikuwa amehama usiku kwa sababu ya deni, na msichana wa maji ndiye wa kwanza kujua kwa sababu mitungi yake miwili ilibaki mlangoni bila mtu wa kuiingiza. Nikimaliza naituma tena, kwa hao hao ama kwa wengine, halafu nangoja tena miezi. Mathe bado anauliza kuhusu renti. Lakini juzi alikaa kitandani, akachukua zile karatasi, akasoma sura mbili bila kusema kitu, halafu akauliza ya tatu iko wapi.