Ukurasa wa 41

Mpwa wangu, mwalimu wa sekondari kwa mwaka wa saba sasa, alinijia Jumapili iliyopita na orodha ya shahada za uzamili aliyoinakili kutoka katika simu yake, akanipa shikamoo, akaketi, na kabla chai haijapoa akanitupia swali lililonikwama kooni kama mwiba wa samaki: "Mjomba, hii misingi ya elimu ni kozi ya nini? Uongozi naufahamu, mtu anapata ukuu wa shule. Hii ya misingi inampa nini?"

Sikumlaumu sana. Nilichukia, walakini, kwamba amesimama mbele ya ubao miaka yote hiyo pasipo mtu kumbainishia kuwa misingi ndiyo falsafa, historia na sosholojia ya kazi aifanyayo kila siku. Ndipo mahali mtu anapoulizwa shule ni ya nani na ilijengwa kwa sababu gani, kabla hajakabidhiwa funguo zake.

Mimi nilikwenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1983, nikiwa nimekwisha fundisha miaka tisa, na orodha ya kuchagulia haikuwa ndefu. Palikuwa na Idara ya Elimu, iliyoanza 1964 (nimefungua majalada kuhakikisha, maana nilizoea kuwaambia watu kwamba ilianza pamoja na chuo 1961, na kumbe nikiwadanganya bila kukusudia), nayo haikuwa kitivo mpaka 1989, tuyaache hayo. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba aliyetaka uendeshaji wa shule aliketi benchi moja na aliyetaka falsafa, wote wakamsoma mwanafalsafa Dewey, wote wakaupekua waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa 1967 mstari kwa mstari, wakatoleana hoja hata umeme ukakatika, nao aghalabu ulikatika.

Baada ya ubishi ilikuja tasnifu, na tasnifu ilitaka mpiga chapa. Wangu alikuwa mama wa makamo katika kibanda cha mabati karibu na Ubungo, mwenye taipureta nzito ambayo herufi yake ya "z" ilikuwa imevunjika mkia. Kibanda kilinuka wino wa utepe, nta ya stensili, dawa nyeupe ya kufutia makosa, na juu ya yote mafuta ya taa. Hata leo nikiyanusa mafuta ya taa, vidole vyangu hutafuta ukingo wa karatasi ya kaboni. Alitoza kwa ukurasa, nakala tatu kwa pigo moja, na kosa likiwa lako, ukurasa mzima ulirudiwa kwa fedha yako.

Nisilolijua ni kwamba alikuwa akisoma. Jioni moja aliizuia mashine kwa kiganja, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mwalimu, hapa ukurasa wa 41 umeandika wazazi hawajali elimu. Uliwauliza?"

Nikamjibu kwamba niliwauliza walimu wakuu kumi na wawili.

"Basi andika walimu wakuu wamesema. Mimi ni mzazi, na hukuniuliza."

Hakupiga herufi nyingine siku ile. Juma lililofuata nilipanda basi la Kisarawe, nikakaa na wazazi siku nne katika baraza la duka la ushirika, wakanieleza, tena bila hasira, kwamba watoto wao hupelekwa kulima shamba la mwalimu mkuu na hilo ndilo liitwalo kujitegemea. Na mtoto aliyelikuta jembe nyumbani, wakauliza, amefuata nini shuleni? Sura yangu ya tatu ikavunjika yote. Msimamizi alinung'unika kwa muda uliopotea, kisha akanipa alama nisiyoitarajia, ambayo kwa insafu nusu yake haikuwa yangu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Chuo cha Bagamoyo, kilichoanzishwa 1979 kuwafunda viongozi wa elimu, kikawa wakala wa Serikali 2001. Chuo Kikuu Huria kikawafungulia mlango wasioweza kuacha kazi. 2005 vikaja vyuo vishiriki vya Mkwawa na Chang'ombe, 2007 Dodoma. Mwalimu akapata kusoma jioni, neema ambayo sisi hatukuipata, na siikani. Lakini uongozi ukahama nyumba, ukajipatia bajeti na mipango mkakati, na misingi ikabaki kama babu aliyeachwa barazani, anaamkiwa tu na wapitao. Kibanda cha Ubungo hakipo. Siku hizi wako vijana wa steshenari wanaouza sura tano za tasnifu kama maandazi. Nimezisoma baadhi, na ndani yake wazazi bado hawajali elimu.

Nilimwambia mpwa wangu achukue uongozi, maana shule zinahitaji wakuu, ila aombe kuhudhuria somo la falsafa ya elimu hata kama halihesabiwi. Kisha nikamtolea kabatini nakala ya tatu ya tasnifu yangu, ya kaboni, iliyofifia. Mama yule ametajwa katika ukurasa wa shukrani. Aliupiga mwenyewe, na huo hakunitoza.